Maziwa mabichi, homa isiyo malaria na wiki sita nje ya uwanja

IFAKARA. Kipenga cha mwisho kikilia kwenye viwanja vya Ifakara, kitu cha kwanza wachezaji wanachotafuta ni kivuli, cha pili ni kinywaji. Mji uko bondeni, chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari. Upande mmoja kuna milima ya Udzungwa, upande mwingine mto Kilombero na mashamba ya mpunga. Joto la hapa halina urafiki na mtu. Dakika 90 zinamkamua mchezaji kama nguo iliyotoka kufuliwa.

Pembeni ya uwanja kuna maji, soda na miwa. Siku hizi na maziwa yapo. Yanakuja kwa baiskeli na bodaboda kwenye madumu ya plastiki, mengine yakivuka Daraja la Magufuli kutoka kwa wafugaji wa ng'ambo, upande wa Ulanga na Malinyi. Na kijiweni kuna imani inayopita kutoka kizazi kimoja cha wachezaji hadi kingine: anayetaka pumzi na misuli anywe mabichi, yakiwa bado na uvuguvugu wa ng'ombe, maana ukiyachemsha unaua nguvu yake.

Ni kweli moto unaua kitu kwenye maziwa. Ila kitu hicho kikiachwa hai kinaweza kutoka kwenye glasi, kikapita tumboni, kikaingia kwenye damu na kumweka straika nje kwa muda mrefu kuliko kadi nyekundu yoyote.

WINGA ANAYEUMWA JIONI

Chukua mfano wa winga wa timu ya mtaa. Ni mfano tu, lakini makocha wengi wa mchangani wanaifahamu hadithi ya aina hii.

Jumatatu anasikia baridi. Anapima malaria kwa kile kipimo cha haraka cha tone la damu, majibu yanasema hana. Anameza dawa mseto hivyo hivyo, kwa sababu Ifakara homa ni malaria, nini kingine? Asubuhi anaamka yuko fresh, anakwenda mazoezini. Jioni homa imerudi. Usiku anatoa jasho mpaka shuka linaloa.

Wiki ya pili kiuno kinamuuma na nyonga inakaza. Kocha anadhani ni ile tackling ya wiki iliyopita, anampeleka akachuliwe. Wiki ya tatu dogo hana kasi, anapitwa na beki wa kushoto aliyezoea kumfanya atakavyo. Maneno yanaanza: ameringa, anaogopa, ana visingizio. Ndondo ikifika nusu fainali, na bingwa anachukua ng'ombe, wapo wanaosema kamati ya ufundi ya wapinzani imeshamaliza kazi.

Hakuna aliyemuuliza kama anakunywa maziwa, na yanatoka wapi.

Homa ya kupanda na kushuka, jasho la usiku, uchovu, maumivu ya mgongo na viungo: hizo ni dalili za ugonjwa unaoletwa na bakteria wanaoitwa brusela. Kwa ng'ombe ndio unaojulikana kama ugonjwa wa kutupa mimba. Kwa mwanamume unaweza pia kuvimbisha korodani, jambo ambalo vijana wengi hulificha mpaka hali iwe mbaya. Hauna alama ya wazi kama goti lililovimba, kwa hiyo unachanganywa kirahisi na malaria, taifodi au jeraha la uwanjani.

KUTOKA TUMBONI HADI KWENYE DAMU

Ili kuelewa kinachotokea, ni vizuri kujua kwamba tumbo la binadamu halina usafi wa aina ile tunayoifikiria. Ndani ya utumbo mpana wanaishi bakteria wengi kupita kiasi, na wengi wao hawana ubaya wowote. Wanamalizia kusaga mabaki ya chakula, wanatengeneza baadhi ya vitamini na wanawabana bakteria wageni wasipate nafasi.

Hao ni kama mashabiki jukwaani. Wakiwa wengi na wakipiga kelele, mchezo unanoga. Shida inaanza wakivunja uzio na kuingia uwanjani. Uzio wenyewe ni ukuta mwembamba wa utumbo, chembe zilizobanana bega kwa bega kama wachezaji wanaokinga mpira wa adhabu. Upande wa pili wa ukuta kuna damu, na damu haitakiwi kuwa na bakteria.

Maziwa mabichi yanaweza kubeba wageni wa aina nyingi. Kuna wanaotoka kwenye kinyesi kilichoshika chuchu au mikono ya mkamuaji, hao huleta kuhara. Kuna bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe. Na kuna brusela, ambao hutoka ndani ya kiwele chenyewe. Kwa hiyo hata mkamuaji akinawa kwa sabuni na chombo kikang'aa, ng'ombe mwenye ugonjwa ataendelea kuwatoa kwenye maziwa yanayoonekana meupe na kunukia vizuri.

Brusela wana ujanja wa mshambuliaji anayejificha nyuma ya mabeki. Wakishavuka ukuta wa utumbo wanamezwa na chembe nyeupe za damu, zile ambazo kazi yake ni kuwaua. Badala ya kufa, wanaishi humo humo ndani na kuongezeka. Chembe zinawasafirisha hadi kwenye tezi, kisha kwenye damu, na kutoka hapo kwenye wengu, ini, uboho wa mifupa na viungo. Dalili mara nyingi huanza wiki moja hadi nne baada ya maambukizi, wakati mwingine miezi. Mchezaji ameshasahau glasi aliyokunywa.

Kujificha huko ndiko kunakoifanya tiba iwe ndefu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza doksisaiklini kwa wiki sita, ikiambatana na dawa nyingine ya kuua bakteria. Wiki sita ni siku 42. Kwenye ligi ya wilaya huo unaweza kuwa mzunguko mzima. Anayeacha dozi wiki ya pili kwa sababu homa imekata anajiweka kwenye hatari ya ugonjwa kurudi.

IFAKARA ILISHATAFUTA JIBU

Kwa suala la homa, Ifakara ina historia ambayo miji mingi mikubwa haina. Mwaka 1957 Mswisi Rudolf Geigy alijenga hapa maabara ndogo ya utafiti, na maabara hiyo ndiyo iliyokua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara inayojulikana leo dunia nzima kwa kazi za malaria. Vyandarua vyenye dawa vilifanyiwa kazi kubwa katika bonde hili miaka ya 1990, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba watoto waliolala ndani yake walikuwa na nafasi ya kuishi kubwa zaidi kwa asilimia 27.

Malaria ilipopungua, likaja swali jingine: wanaoendelea kupata homa wanaumwa nini? Mwaka 2008 watafiti waliwachukua watoto 1,005 wa chini ya miaka 10 waliofika na homa kwenye vituo vya Dar es Salaam na hapa hapa Ifakara, wakawapima karibu kila kitu kinachopimika. Matokeo yalitoka mwaka 2014. Malaria ilikutwa kwa asilimia 10.5 tu. Maambukizi ya njia ya hewa yalikuwa asilimia 62.2, taifodi asilimia 3.7. Kwa jumla, ugonjwa wa bakteria ulionekana kwa asilimia 22 ya watoto.

Huko Moshi, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870, watoto na watu wazima, waliolazwa na homa katika hospitali za KCMC na Mawenzi mwaka 2007 na 2008. Wagonjwa 528, yaani zaidi ya nusu, walikuwa wameandikiwa malaria. Waliokuwa na malaria kweli walikuwa 14. Kati ya waliopimwa magonjwa ya bakteria yanayotoka kwa wanyama, zaidi ya robo walikuwa nayo, na brusela ilikuwa mojawapo, kwa asilimia 3.5.

Namba hizo hazisemi malaria imeisha. Kilombero bado kuna mbu na bado kuna watu wanaofariki, kwa hiyo kupima malaria ni lazima, tena mapema. Zinachosema ni kwamba kipimo kikionyesha huna malaria, kazi ya kutafuta ndiyo kwanza inaanza.

Na kwa Kilombero swali la mifugo lina uzito wake. Zamani bonde hili lilikuwa la wavuvi na wakulima, Wandamba na jirani zao, watu wa samaki na mpunga. Katika miongo ya karibuni wafugaji wa Kisukuma, Kimasai na Kibarabaig walishuka na ng'ombe wengi, mpaka mwaka 2012 Serikali ikaendesha operesheni ya kupunguza mifugo katika ardhi oevu. Ng'ombe walileta maziwa kwa watu ambao babu zao hawakuwa na desturi nayo. Mfugaji ana mazoea yake na mnyama wake. Mnunuzi wa mjini anaona dumu tu, hajui limetoka kwenye zizi gani.

SOMO LA MALTA

Ugonjwa huu uliwahi kuyasumbua majeshi. Kwenye kisiwa cha Malta askari wa Uingereza walikuwa wakilazwa kwa homa isiyokwisha. Daktari wa jeshi David Bruce, yule yule aliyekuja baadaye Entebbe, Uganda, mwaka 1903 kuchunguza ugonjwa wa malale, alitangaza mwaka 1887 kwamba amewaona bakteria hao kwenye wengu za askari waliofariki. Jina brusela limetokana na jina lake.

Lakini hakujua wanaingiaje mwilini. Ilipita miaka 18. Mwaka 1905 daktari wa Kimalta, Themistocles Zammit, aliwapima mbuzi, wale walioonekana wazima kabisa na waliokuwa wakikamuliwa mlangoni kwa wateja. Akawakuta nao. Mwaka 1906 jeshi likapiga marufuku maziwa ya mbuzi kwa askari wake, na homa ikaporomoka. Hakukuwa na dawa mpya. Walibadilisha kinywaji, basi.

UKUTA UNAPOCHOKA

Kwa mchezaji kuna jambo la ziada. Mtu anapokimbia kwa nguvu, mwili unapeleka damu nyingi kwenye misuli, na kukiwa na joto unapeleka nyingine kwenye ngozi ili ipoe. Tumbo linabaki na kidogo. Hali hiyo ikidumu, ule ukuta wa utumbo unalegea na kuanza kuvuja.

Afrika Kusini kuna mbio za Comrades, karibu kilomita 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg. Miaka ya 1980 madaktari walipima damu za wakimbiaji waliofika hoi kwenye hema la matibabu. Takribani wanane kati ya kila kumi walikuwa na kiwango cha juu cha sumu inayotoka kwenye maganda ya bakteria wa tumboni. Bakteria wale wale wa kila siku, ila mabaki yao yalikuwa yamevuka uzio. Kichefuchefu na kutapika baada ya mbio ndefu kunahusishwa na kuvuja huko.

Dakika 90 si Comrades. Lakini saa tisa alasiri ya Ifakara, bila maji ya kutosha na bila mapumziko, tumbo linafanya kazi katika mazingira magumu. Huo si wakati wa kulipelekea mgeni hatari.

Kinachovutia ni kwamba maziwa hayo hayo yanaweza kuwa upande wa ulinzi. Mwaka 2011 watafiti wa London walichapisha jaribio dogo la dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza baada ya ng'ombe kuzaa. Waliotumia unga wa dang'a kwa siku 14 kisha wakakimbia dakika 20 kwa kasi, matumbo yao yalivuja kidogo sana kuliko walipotumia kinywaji cha kufananisha. Hilo ni jaribio la watu wachache, na lilifanywa kwa unga uliotayarishwa kiwandani. Asitokee mtu akaenda zizini kudai dang'a mbichi eti wazungu wamethibitisha. Ng'ombe aliyetoka kuzaa ndiye anayeweza kumwaga brusela kwa wingi zaidi.

MAZIWA YENYEWE HAYANA KOSA

Mpira na maziwa ni marafiki wa siku nyingi. Wakongwe wanakumbuka Kombe la Ligi la England lilivyoitwa Milk Cup, kuanzia 1982 hadi 1986, likidhaminiwa na bodi ya maziwa ya huko. Liverpool walilibeba 1982, 1983 na 1984, Norwich City wakafuata, kisha Oxford United. Mwaka 1989 likaja lile tangazo la televisheni ambamo watoto wawili wanamtaja Ian Rush kama mfano: bila maziwa, mtu ataishia Accrington Stanley. Watu wakacheka nchi nzima.

Tangazo lilikuwa utani, ila sayansi haiko mbali nalo. Maziwa yana protini ya kujenga misuli, chokaa ya mifupa, sukari na chumvi. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, walionyesha kwamba baada ya kutoka jasho, maziwa yasiyo na mafuta mengi yanabaki mwilini kuliko maji matupu. Kwa mchezaji wa Ifakara hiyo ni habari njema.

Tatizo jingine ni la sukari ya maziwa. Watu wazima wengi duniani wanapoteza uwezo wa kuisaga. Inashuka bila kusagwa mpaka kwenye utumbo mpana, bakteria wanaifanyia sherehe, na matokeo yake ni gesi, tumbo kuunguruma na kuhara. Mwaka 2007 timu ya Sarah Tishkoff iliyowapima watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan ilionyesha kwamba baadhi ya Waafrika Mashariki, hasa wa jamii za wafugaji, wamerithi mabadiliko ya vinasaba yanayowawezesha kunywa maziwa ukubwani. Mabadiliko hayo ni tofauti na ya Wazungu, na yalianza maelfu ya miaka iliyopita. Hivyo beki wa Kimasai anaweza kupiga nusu lita na kucheza, wakati kiungo wa jamii ya wavuvi akipiga glasi moja anaomba kutoka dakika ya 20. Huyo wa pili apewe mtindi. Bakteria wa mtindi wameshaila sehemu ya ile sukari.

Hapo pana mtego. Wengi wanaamini uchachu wa mtindi unaua kila kitu. Si kweli. Mtindi uliotengenezwa kwa maziwa ambayo hayakuchemshwa unaweza kuwa na brusela walio hai. Maziwa yachemshwe kwanza, yapoe, ndipo yagandishwe.

KABLA YA MECHI IJAYO

Kinga ya ugonjwa huu ni rahisi kuliko kinga nyingi. Viwandani maziwa hupashwa nyuzi 72 kwa sekunde 15, au 63 kwa nusu saa, na brusela hawatoki salama. Nyumbani hakuna haja ya kipimajoto: yaache yachemke mpaka yapande kwenye sufuria, yakoroge, kisha yapoe kwenye chombo safi chenye mfuniko. Protini na chokaa havipotei. Vitamini chache zinapungua kidogo, na hizo mchicha na machungwa ya sokoni Ifakara vitazirudisha.

Timu inayonunua maziwa ya wachezaji ichemshe yenyewe, isimwachie muuzaji. Anywe baada ya mechi kuliko kabla, hasa asiyejua tumbo lake litasemaje. Na wale vijana wanaocheza mpira jioni na kuchunga asubuhi wavae glavu au hata mifuko ya plastiki mikononi wanapomsaidia ng'ombe kuzaa, kwa sababu brusela wanapita pia kwenye michubuko. Ng'ombe wa zawadi ya ndondo naye akichinjwa, mwenye kidonda mkononi akae kando.

Homa ikija, kipimo cha malaria kwanza. Kikionyesha hakuna na homa ikaendelea, mchezaji arudi hospitali na aseme bila kuulizwa: nakunywa maziwa, nachunga, nilichinja. Sentensi hiyo inaweza kumwelekeza daktari kwenye kipimo sahihi. Vipimo vyenyewe navyo havilingani ubora. Mwaka 2017 watafiti walionyesha kwamba kipimo kimoja cha haraka kilichokuwa kikitumika sana kwenye vituo vya Kenya kilikuwa kikiwapa watu brusela wasiyokuwa nayo. Kwa hiyo jibu la haraka linahitaji kuthibitishwa kabla mtu hajaanza wiki sita za dawa.

Na kocha ana kazi yake. Mchezaji anayeng'ara asubuhi na kuzimika jioni, anayeamka ameloa jasho, anayeshika kiuno bila kuguswa na mtu, hastahili kuitwa mvivu wala kupelekwa kwa mganga. Apewe ruhusa, nauli na mtu wa kumsindikiza hadi hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Akipewa dozi, namba yake isubiri. Akirudi siku ya 43 akiwa mzima, ng'ombe wa msimu ujao bado yupo zizini.

Siku hiyo mtungi wa maziwa uwepo pembeni ya uwanja kama kawaida. Tofauti iwe moja tu: yawe yamepita jikoni.